Barua kwa jumuiya za kigango chetu: Pasaka haiishi Jumatatu

Tumsifu Yesu Kristo!

Wanangu wa jumuiya zote ndogo ndogo za kigango chetu, kanisa hili dogo la parokia hapa ukanda wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mama zangu wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ndugu zangu wanaume wa UWAKA, vijana Wakatoliki wa VIWAWA, poleni na mfungo. Nawaandikia katika juma la pili la Kwaresima ya mwaka huu wa 2026, Dominika ya tatu haijafika, kwa sababu ninalotaka kusema linahitaji maandalizi. Likisubiri Juma Kuu litakuwa limechelewa.

Kwanza niwapongeze. Jumatano ya Majivu kanisa lilijaa hadi uani, na waliosimama chini ya mwembe walivumilia jua bila kunung'unika. Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa inakwenda kwa utulivu, jumuiya zinapokezana vituo vyote 14 bila kugombania. Bahasha za mchango wa Kwaresima zinarudi. Watu wa ukanda huu Kwaresima wanaijua. Ziwa limetufundisha msiba. Ni ukoo gani hapa ambao haujawahi kukesha ufukweni ukingoja mwili uonekane? Ndiyo maana Ijumaa Kuu hatuhitaji maelezo mengi. Tukisimama mbele ya msalaba tunajua tunachokililia.

Pasaka ndiyo inayotushinda. Kanisa limetupa siku 40 za kujiandaa na siku 50 za kushangilia, tangu Dominika ya Ufufuko hadi Pentekoste, ambayo mwaka huu ni Mei 24. Sisi zile 40 tunazibeba kwa nguvu zote, Jumapili tunapika pilau, Jumatatu ya Pasaka tunawapeleka watoto matembezini, na ikifika Jumanne tumemaliza. Jumamosi inayofuata sala ya jumuiya ina mwenyekiti, katibu na bibi wawili. Najua mtaniambia watu wamechoka, na ni kweli wamechoka. Lakini wakati sisi tunapumzika, wapo ambao ndiyo kwanza wameanza safari, nao ni wale waliobatizwa usiku wa Mkesha wa Pasaka. Kwa ajili yao ndiyo nimeshika kalamu.

Kwaresima tangu zamani ilikuwa kipindi cha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Wakristo wa karne za mwanzo walifunga pamoja na watu waliokuwa wanakaribia ubatizo, ili mtu asiingie kisimani peke yake. Hiyo sura bado ipo kwenye liturujia yetu, na mwaka huu, ambao ni mwaka A wa masomo ya Misa, inaonekana wazi kuliko miaka mingine: Dominika ya tatu tutasikia habari ya mwanamke Msamaria pale kisimani, Dominika ya nne yule aliyezaliwa kipofu, Dominika ya tano Lazaro akitolewa kaburini. Injili hizo tatu zimechaguliwa kwa ajili ya wanaojiandaa kubatizwa. Nawaombeni Dominika hii mgeuke nyuma kidogo, mwangalie benchi la mwisho upande wa kushoto. Hapo ndipo wanapokaa wakatekumeni wetu. Jiulizeni ni wangapi mnawajua kwa majina. Jiulizeni kama jumuiya yenu imewahi kuwaombea hata mara moja kwa majina hayo.

Wengi wao ni watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ni vijana waliokuja kuvua dagaa kutoka Ukerewe, Sengerema, Geita, Mara na hata Kigoma, na ni akina mama wanaoanika na kufungasha. Hawana shamba hapa wala ukoo. Leo wako kambi hii, tajiri mwenye mitumbwi akiihamisha kesho wako kisiwani. Kwa hiyo akibatizwa mtu wa namna hiyo, Ukristo wake hauna mjomba wa kumkumbusha wala bibi wa kumsukuma aende kusali. Ana sisi tu.

Nitawaeleza jambo ambalo wavuvi wote wanalijua ila halmashauri yetu ya kigango haijawahi kulitumia. Dagaa hufuata taa. Iwe karabai au hizi taa za sola za siku hizi, kazi yake ni moja, kuwavuta dagaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiangaza, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haina maana, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa inapandishwa ufukweni na watu wanashona nyavu, wanalala, na wengine, tuseme ukweli, wanakunywa. Sasa angalieni kalenda. Pasaka kwa hesabu ya Kanisa huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Mwaka jana mwezi ulipevuka siku ya Dominika ya Matawi yenyewe, Aprili 13. Mwaka huu utapevuka Alhamisi Kuu, Aprili 2. Kila mwaka Juma Kuu linatukuta kwenye mbalamwezi, na kila mwaka wavuvi wa dagaa wako nchi kavu siku zile zile takatifu kuliko zote, hawana kazi, hatua mia mbili kutoka kanisani.

Nasi tunafanya nini? Tunashona sare za Pasaka. Tunabishana nani asome Mateso ya Bwana Ijumaa Kuu. Sijawahi kuona jumuiya hata moja ikishuka mwaloni jioni ya Jumatatu ya Juma Kuu kuwaambia wale vijana kwamba kuna kitubio kesho, na kwamba padre atawasikiliza hata kama mara ya mwisho walikuja wakiwa watoto.

Halafu kuna suala la saa. Jumuiya zetu karibu zote zinasali Jumamosi saa 12:30 asubuhi. Saa hiyo ndiyo mitumbwi inaingia. Nilishuka mwaloni Jumamosi iliyopita niangalie kwa macho yangu. Mama mmoja mkatekumeni alikuwa amechuchumaa pembeni ya kichanja, anatandaza dagaa kwa viganja vyote viwili, haraka haraka ili wasibaki na mabonge, na kila baada ya muda kidogo anainua uso kuangalia wingu upande wa Ukerewe. Masika yanakuja. Dagaa wabichi wakinyeshewa kabla hawajashika jua wanavunda, na mtaji umekwenda. Turubai lilikuwa limekunjwa tayari chini ya goti lake. Muda huo huo, huku juu, katibu wa jumuiya yake alikuwa anaweka alama ya kutohudhuria mbele ya jina lake. Wanangu, huyo mama hajaikimbia sala. Sisi ndio tuliopanga sala saa ambayo mkono wake uko kwenye dagaa, na baadaye, akija kuomba barua ya jumuiya, tunamfungulia daftari na kumhesabia alama.

Bwana wetu alipofufuka alikwenda wapi alfajiri? Yohana anatuambia alisimama ufukweni saa mitumbwi inarudi, akawauliza wavuvi kama wamepata kitoweo, akawasha moto wa makaa, akawapikia. Habari hiyo tutaisikia Ijumaa ya Oktava ya Pasaka, zile siku nane za kwanza, Aprili 10. Nani kati yetu atakuwepo kanisani siku hiyo kuisikia?

Nakumbushia pia tunakotoka, maana vijana wengi hawajui kwamba habari hii ilipita kwenye maji haya haya. Mwezi Januari 1879 mmisionari Padre Siméon Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walipanda mtumbwi hapo Kageye, jirani zetu kabisa, wakavuka ziwa kwenda kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Walifika Februari 17. Ubatizo wa kwanza wa Wakatoliki wa Buganda ulifanyika Machi 27, 1880, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi Kuu. Mwishoni mwa 1882 mambo yaliharibika, wamisionari wakaondoka Buganda, wakarudi kusini mwa ziwa na kufungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Hawakurudi Buganda hadi 1885. Kwa muda wote huo Wakristo wapya kule hawakuwa na padre hata mmoja. Hawakuwa na Misa wala kitubio. Walikutana majumbani, aliyejua sala akamfundisha asiyejua, aliyebatizwa akamshika mkono mkatekumeni. Wamisionari waliporudi walikuta watu wameongezeka. Na katika watu hao ndimo walimotoka Mashahidi wa Uganda, wale Wakatoliki 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964.

Nalieleza hilo kwa sababu kila nikizungumzia kambi za visiwani naambiwa kwamba padre hafiki huko. Ni kweli, padre ana vigango vingi na mafuta ya boti ni ghali. Lakini wale wa Buganda hawakuwa na padre kabisa, na walishikana. Sisi tuna padre kila mwezi, tuna katekista, tuna simu mkononi, na mtu tuliyembatiza Aprili ifikapo Juni hatujui yuko kisiwa gani.

Kijana mmoja, ambaye sitamtaja, alibatizwa Mkesha wa mwaka jana. Alikuwa hodari katika mafundisho, maswali yake yalimtoa jasho katekista. Baada ya Pentekoste nilimuulizia, nikaambiwa hajaonekana. Nilipomkuta kambini alifurahi sana kuniona, akaniambia kwa moyo safi kabisa kwamba yeye alidhani amehitimu. Hakuna aliyemweleza kwamba kuna kinachofuata. Jina la msimamizi wake wa ubatizo lilikuwa limejazwa tu kwenye fomu siku mbili kabla ya Mkesha ili nafasi isibaki wazi, na hawakuwahi kuonana tena. Mtu pekee kutoka jumuiya aliyemfikia alikuwa mtunza hazina, na alikwenda kumweleza kiwango cha mchango. Mimi sipingi mchango, kanisa lina paa la kuezekwa. Ila mama akijifungua, watu wa kwanza kuingia ndani huleta uji na nguo za mtoto. Anayekuja na deni husubiri hadi arobaini ipite.

Kuhusu mfungo wenyewe nina neno fupi. Sheria mnaijua: kuacha nyama kuanzia miaka 14, na kufunga kula siku ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa mwenye miaka 18 hadi anapoanza mwaka wa 60. Lakini sisi ni watu wa ziwani. Kwa Mkristo wa bara kavu kuacha nyama na kula samaki ni kujinyima. Hapa Mwanza ukiacha nyama Ijumaa ukaagiza sato mzima wa kukaanga na ndizi, umejinyima nini? Wako majirani zetu ambao sato wanamwona akipita kwenda mjini, wao wanachemsha mapanki, mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu. Nashauri Ijumaa zilizobaki tule ugali na mlenda au maharage, na ile tofauti ya bei tuiweke kwenye kopo moja kila jumuiya. Kopo hilo liwe la nauli ya mtumbwi kwa wasimamizi watakaokwenda kuwatembelea wabatizwa kambini baada ya Pasaka. Wala tusitangaze nani ametoa ngapi. Majirani zetu Waislamu wako kwenye Ramadhani siku hizi hizi, tumeanza nao karibu pamoja, na mwaloni wanashinda na kiu wakivuta nyavu bila kumsimulia mtu. Mkialikwa futari nendeni.

Sasa niseme kuhusu Mkesha wenyewe, maana huo ndio moyo. Wengi wenu mnaukwepa kwa sababu ni mrefu, mnakuja Misa ya pili ya Jumapili na nguo mpya. Mwaka jana wakati wa moto uani hatukufika nusu ya watu wa Ijumaa Kuu. Padre alichonga mwaka kwenye mshumaa, tarakimu moja kila pembe ya msalaba, akabandika zile chembe tano za ubani, akauwasha. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Mishumaa yetu midogo ilizimika kila tukipiga hatua, na mama mmoja alitanua kanga yake mbele ya wakatekumeni ili wao wafike mlangoni ikiwa inawaka. Kanisani taa za umeme zilikuwa zimezimwa. Mbiu ya Pasaka, ule wimbo wa kutangaza ufufuko, ikaimbwa katika giza hilo. Yalipofika maji, mvuvi mwenye mabega mapana aliinama kwenye beseni, na maji yalipomshuka kichwani alifumba macho kwa nguvu na hakuyafuta. Alibaki hivyo hivyo, uso umelowa, mpaka alipovikwa nguo nyeupe. Nilitamani kanisa zima lingekuwepo, kwa sababu mtu akizaliwa hivyo mbele yako huwezi tena kusema humjui.

Na ule mshumaa unakaa karibu na altare siku zote 50. Kisha unawashwa kwenye ubatizo, na kwenye mazishi unasimama karibu na jeneza. Wakubwa wenzangu wanakumbuka Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa Aprili 7, kwa hiyo tulikuwa bado ndani ya zile siku 50, Pentekoste ilibaki siku tano. Wengi walizikwa Igoma. Katika siku zile, mtu aliyekuwa amemaliza Pasaka yake Jumatatu alikuwa na nini cha kumwambia mfiwa? Waliokuwa bado wanaimba Aleluya, hata kwa sauti iliyokatika, ndio walioweza kukaa na watu usiku kucha. Ziwa halijaacha kuchukua watu wetu. Mvuvi mpya tuliyembatiza anarudi kwenye maji hayo hayo na giza likirudi, juma moja tu baada ya Pasaka. Anahitaji kwenda akijua nani atamwombea, na kama mtumbwi haukurudi, nani atakayemtafuta na kumzika kama ndugu.

Kwa hiyo nawaomba haya, na nimeshazungumza na paroko, naye amekubali.

Jumuiya zilizo na watu wa mwaloni zihamishe sala ya Jumamosi iwe saa 10 jioni, dagaa wakishaokotwa. Mkiona ni vigumu mwaka mzima, basi tangu sasa hadi Pentekoste. Makatibu, futeni zile alama za kutohudhuria za mama zetu wa vichanja.

Jumatatu na Jumanne ya Juma Kuu, Machi 30 na 31, padre atakaa mwaloni kwenye kibanda cha mizani kuanzia jioni kwa ajili ya kitubio. Wenyeviti mshuke siku moja kabla, mwende kambi kwa kambi, muwaalike watu kwa upole, hata aliyelewa. VIWAWA mlete viti viwili na pazia.

Mkesha, Aprili 4, kila jumuiya ije na angalau familia tano, tangu moto hadi mwisho. Mama wenye watoto wachanga wapewe mabenchi ya karibu na mlango.

Baada ya Pasaka, kila Jumapili hadi Mei 24, wabatizwa wapya wakae benchi la mbele pamoja na wasimamizi wao, na mara ibada ikiisha katekista akae nao nusu saa awaeleze walichopokea. Walioko visiwani wasimamizi wawafuate kwa nauli ya kopo, angalau mara moja kabla ya Pentekoste, na wakifika wasali nao pale pale kambini. Mtunza hazina asimfuate yeyote kati yao kabla ya siku hiyo.

Na wasimamizi wachaguliwe sasa. Katekista ana orodha ya wakatekumeni wote. Kila jumuiya ikae Jumamosi hii, ichague mtu anayeishi karibu na mkatekumeni wake na anayeweza kupanda mtumbwi, kisha mpelekeni wafahamiane, wale pamoja hata ugali wa mchana. Majina yamfikie katekista kabla ya Dominika ya tano, Machi 22. Atakayekosa mtu aje kwangu nyumbani, tutatafuta pamoja.

Mzee wenu,
Katekista mstaafu wa kigango